Aliyekuwa Akimjibia Bibi

"Nimemuuliza bibi, si wewe!" Muuguzi aliweka kalamu mezani.

"Bibi hasikii vizuri," Kasuku, mjukuu wake, alijibu kwa ukali.

"Nasikia," bibi alisema. "Sijapewa nafasi tu."

Muuguzi alitabasamu, lakini Kasuku alinuna. Bibi ndiye aliyempachika jina hilo kwa sababu ya mdomo wake usiotulia. Tangu mama aende kufanya kazi mbali, walibaki wawili tu. Siku hizi bibi alilala mapema, na Kasuku alikula chakula cha jioni peke yake, akisikiliza kijiko kikigonga sahani. Je, bibi akilazwa hospitalini? Hata ile sauti ya kukoroma chumba cha pili haitakuwepo. Ndiyo maana leo alijipanga kujibu kila swali yeye mwenyewe.

"Bibi, umeanguka hivi karibuni?"

"Hajaanguka," Kasuku alidakia.

Bibi alitazama kandambili zake.

Muuguzi alimfunga bibi mkanda wa kupimia presha, akasoma kipimo, akakunja uso. Presha ilikuwa chini mno. Akauliza kana kwamba anapiga soga tu, "Nyumbani nani anachota maji?"

"Mimi. Zamani tulichota wote, lakini tangu siku ile bafuni..." Kasuku alifumba mdomo. Maneno yalikwisha kutoka.

Muuguzi hakumkaripia. Alivuta kiti karibu. "Mwanangu, mimi sijawahi kuingia kwenu. Bafu lenu silijui, wala kitanda cha bibi sijakiona. Naona kwa maneno yenu tu. Mkinificha, nitamtibu mtu ambaye hayupo hapa, na bibi yako atarudi nyumbani na ugonjwa wake. Unaogopa nini?"

Kasuku aliinamisha kichwa. "Mtamlaza. Nitabaki peke yangu."

"Kumbe!" Bibi alimshika mkono. "Na mimi nilinyamaza ili nisikutie hofu."

Kasuku alifuta machozi kwa kiganja. "Ameanguka mara mbili. Tena anameza vidonge vya presha vya jirani, juu ya vyake."

"Jirani alisema vina nguvu," bibi alijitetea.

"Nguvu vinazo, bibi, hata za kukupiga mweleka!" Muuguzi alicheka, kisha akawa makini. "Huenda ndivyo vinavyokuangusha. Usivimeze tena, na daktari nitamweleza sasa hivi. Dawa ya mtu ni ya mtu huyo. Nawe binti, ukweli uliousema sasa hivi umemsaidia bibi kuliko majibu yako yote ya mwanzo. Ila alazwe au asilazwe, mtoto hawezi kuuguza peke yake. Mna ndugu karibu?"

"Shangazi yupo. Lakini ana shughuli zake, hataki kusumbuliwa."

"Alikwambia hivyo? Au na yeye umemjibia?"

Bibi aliguna, "Hapo umepatikana, mjukuu wangu."

Kasuku aliingiza mkono kwenye mkoba wa bibi, akatoa simu, akapiga.

"Shikamoo, shangazi. Tuko hospitali. Bibi anaanguka, na mimi siwezi peke yangu. Tafadhali njoo." Alisikiliza, mabega yakashuka. "Asante, shangazi, tunakusubiri. Bibi? Anasema..."

Kisha akaiweka simu kwenye sikio la bibi.

"Zungumza naye mwenyewe."