Nimefungiwa Chooni, Nje Rafiki Yangu Ananiuza

"Huyu mwalimu hana wa kumfuatilia, Anti. Baba yake mgonjwa, kaka hana, na mama yake anaamini kila anachoambiwa."

Hiyo ilikuwa sauti ya rafiki yangu kipenzi.

Mwalimu anayesemwa ni mimi...

Na mimi nilikuwa ndani ya choo cha kituo cha mafuta, mlango umefungwa kwa nje, kiganja nimekibana mdomoni ili nisipige kelele!

Jamani, ngoja nivute pumzi kwanza.

Rafiki yangu huyo tulimwita Kidoti, kwa sababu ya doti nyeusi iliyokaa shavuni kama imechorwa. Chuoni tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini. Vyoo vya hosteli yetu havikuwa na vitasa, kwa hiyo wasichana tulijitungia sheria: huendi peke yako. Mmoja anaingia, mwenzake anasimama mlangoni kulinda.

Mimi mlinzi wangu alikuwa Kidoti. Nilikuwa naijua miguu yake kwa kuitazama chini ya mlango, zaidi hata ya mama yake mzazi anavyoijua!

Tukamaliza chuo. Mimi na shahada yangu ya ualimu wa watoto wadogo nikaanza kuzunguka ofisi za watu. Kila mahali jibu moja: "Tutakupigia." Hawakupiga.

Kidoti akapotea muda mrefu, simu haipatikani. Siku moja akaibuka, amekonda, lakini ana habari njema.

"Shoga, nchi jirani kuna shule mpya ya chekechea. Wanataka walimu. Kuna Anti mmoja anatupeleka."

"Na wewe unaenda?"

"Tunaenda wote."

Nikamkumbatia nikalia. Wenzangu, mimi ni mtu wa kuamini. Mama akaniombea dua, akanipangia nguo begini. Baba alinyanyuka kitandani siku hiyo kuniaga, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa muda mrefu.

Safarini tulikuwa kwenye gari dogo jeupe. Mbele dereva na Anti, mwanamke mnene mwenye sauti laini ya kubembeleza. Nyuma mimi, Kidoti, na mabinti wawili waliokuwa wakilala njia nzima.

Kabla hatujaondoka, Anti alikusanya pasi zetu za kusafiria.

"Wanangu, mpakani naongea mimi. Ndio utaratibu wetu."

Akakusanya na simu.

"Mkifika nawawekea laini za kule."

Nikaona ni mama mwenye mpangilio mzuri. Nilimshukuru! Kwa mdomo wangu huu huu, nilimshukuru.

Tulikuwa tumeukaribia mpaka, jua la mchana linachoma, mara... PAAA!

Gari likayumba. Mabinti wakaamka wanapiga mayowe. Tairi la nyuma lilikuwa limechanika vipande vipande.

Dereva akaliburuza gari hadi kwenye kituo cha mafuta kilichokuwa hapo mbele. Anti akabadilika ghafla. Ile sauti ya kubembeleza ikapotea.

"Hapa hatukupanga kusimama! Fanya haraka!"

"Tairi halibadilishwi kwa kelele, mama," dereva akamjibu, yuko chini na spana.

Mimi nikaona huo ni mkosi mtupu. Siku ya kwanza ya kazi nitachelewa, mkuu wa shule atanionaje? Na juu ya hayo tumbo lilikuwa linanisokota.

"Anti, naomba niende chooni."

"Jikaze. Mpakani vipo."

"Siwezi, Anti. Kweli siwezi."

Kidoti akasimama.

"Nitampeleka mimi, Anti. Nitamlinda mlangoni."

Anti akaitikia kwa kichwa.

Choo kilikuwa nyuma ya jengo, karibu na rundo la madebe ya oili. Mlango wa bati, kidirisha kidogo juu bila kioo. Nikaingia.

Kwaa! Nikadhani ni bati tu limejigonga.

Nilipomaliza nikasukuma mlango. Haukwenda. Nikasukuma kwa bega. Wapi!

Nikajisemea, ama kweli leo nimeamka vibaya. Pancha, tumbo, sasa na mlango mbovu! Nikafungua mdomo nimwite Kidoti.

Ndipo nikasikia viatu vya Anti kwenye changarawe. Ndipo Kidoti akasema yale maneno niliyoanza nayo.

Nikabana kiganja mdomoni.

"Ndiyo maana nimemkubali," Anti akajibu. "Wenye ndugu wakorofi wananisumbua."

"Lakini shule yenyewe ipo?"

Anti akacheka. Kicheko kile bado nakisikia.

"Shule gani, mtoto wewe? Anaingia kwenye ile nyumba, geti linafungwa. Atafua, atapika, atatumwa anakotumwa. Pasi yake anakaa nayo mwenye nyumba. Akilia, atachoka."

"Na mdogo wangu? Uliniahidi nikikuletea hawa, unamtoa."

"Nitamtoa."

"Ulisema hivyo hata mwanzo, Anti."

"Kidoti! Usinipandie kichwani. Mdogo wako yuko mikononi mwangu, usisahau."

Nikachuchumaa pale pale kwenye sakafu yenye maji. Chini ya mlango niliiona miguu ya Kidoti, visigino vimegusa bati, amesimama vile vile alivyokuwa akisimama hosteli.

Nilitaka kuvitafuna vile visigino! Naapa.

"Mwenyewe yuko wapi?" Anti akauliza.

Nikaacha kupumua...

"Kaenda kile choo cha ndani, kwenye mgahawa. Hiki kibovu. Si unaona komeo lilivyo?"

Hatua zikasogea. Mkono ukashika mlango. Bati likalia. Ukavutwa mara moja, ukavutwa tena. Mimi nimejibanza ukutani, machozi yananitoka, tumbo linanguruma, namwambia Mungu, tafadhali lisingurume kwa sauti!

Komeo likashikilia.

"Nenda kamlete," Anti akasema. "Upesi."

Wakaondoka. Nikahesabu mapigo ya moyo wangu mwenyewe maana nilihisi yanasikika hadi barabarani.

Mara kelele upande wa mbele.

"Anti! Anti! Amekimbia! Nimemwona anapanda lori!" Ni Kidoti huyo.

"Nini?! Lori gani?"

"Limeshaenda! Limerudi tulikotoka!"

"Pumbavu! Dereva, washa gari! Tuvuke kabla hajafungua mdomo!"

Milango ikapigwa. Gari likaunguruma, likaondoka, mlio wake ukafifia.

Nikabaki na mainzi.

Sikuthubutu kupiga kelele. Je, kama Anti amemwacha mtu ananivizia? Kila kishindo nilidhani ni yeye. Ndoo ikagongwa nje nikaruka kama nimechomwa.

Komeo likakwaruza. Mlango ukafunguka.

Mbele yangu amesimama mama wa usafi, fagio mkononi, macho yamemtoka.

"Mwanangu! Nani kakufungia humu?"

"Mlango... ni mbovu..."

"Mbovu nini! Komeo hili lina kutu, mie mwenyewe silifungi. Ni yule mwenzio mwenye doti. Nilikuwa kule kwenye kamba ya matambara, nimemwona analisukuma kwa mikono miwili mpaka kajikata. Nikadhani mnataniana."

Nikalitazama komeo. Kweli, lilikuwa na damu mbichi.

Wapendwa, pale ndipo nilipochanganyikiwa zaidi.

Nilikuwa huru. Ningeweza kuomba lifti nirudi kwa mama yangu. Lakini ndani ya lile gari kulikuwa na mabinti wawili wasiojua lolote. Na kulikuwa na Kidoti, na Anti si mjinga, angegundua uongo ule wakati wowote.

"Mama, nisaidie simu."

"Ya kumpigia nani?"

"Polisi wa mpakani."

Akanishika mkono, akanivuta hadi ofisi ya msimamizi wa kituo. Nikaeleza kwa kigugumizi: gari jeupe, tairi moja la nyuma jipya tofauti na mengine, mwanamke mnene, mabinti watatu, pasi zote kwenye mkoba wake. Msimamizi akapiga. Kisha tukasubiri.

Kusubiri kule sitaki kukukumbuka. Kila gari jeupe likiingia kituoni nilijificha chini ya meza. Mama wa usafi alikaa nami chini pale pale, kwenye saruji.

"Mama, wakishavuka je?"

"Kunywa maji kwanza, mwanangu."

"Nikichelewa kusema je?"

"Kunywa."

Simu ikalia. Msimamizi akasikiliza, kwa uso usioonyesha chochote, hadi nikataka kumpokonya.

"Wamekamatwa. Walikuwa kwenye foleni."

Nililia mpaka nikakosa sauti.

Kwenye kituo cha polisi nilimkuta Kidoti kwenye benchi, amefungwa pingu, kiganja kimefungwa kitambaa. Wale mabinti wawili walikuwa upande wa pili wanakunywa chai, bado hawaelewi vizuri. Anti alikuwa chumba kingine anafoka.

Nikasimama mbele ya Kidoti. Nilikuwa nimepanga matusi, yote yakayeyuka.

"Umesikia?" akauliza.

"Kila neno."

"Nilimvuta makusudi mpaka chini ya kidirisha."

"Kwa nini hukuniambia tu nikimbie?"

Akanitazama kwa yale macho ya hosteli, ya kumhurumia mtu asiyejua.

"Nikuambie? Wewe? Ungeenda kumuuliza Anti kama ni kweli."

Wenzangu... angalau mniache nicheke kidogo hapo, maana ni kweli tupu! Ningemuuliza. Na kwa heshima zote, "samahani Anti."

"Lakini ni wewe uliyenileta, Kidoti."

Akainamisha kichwa.

"Ni mimi. Walimchukua mdogo wangu kwa kazi hiyo hiyo ya uongo. Nikaambiwa nimbadilishe na wasichana wengine. Nilikuwa nimeshaamua kukupoteza. Lile tairi lingekuwa zima, tungevuka, na mimi ningenyamaza."

Nilikaa kwenye benchi pembeni yake. Sikumshika mkono, lakini sikuondoka pia.

Polisi wa nchi jirani walifika kwenye ile nyumba kwa namba zilizokuwa kwenye simu ya Anti. Mdogo wake amerudi, hai. Nilikwenda kumpokea mimi, kwa kuwa dada yake bado yuko mahabusu.

Ndugu msomaji, mwajiri wa kweli haogopi wewe kushika pasi yako na simu yako. Zing'ang'anie. Na safari ikikuharibikia njiani, tairi likapasuka, mlango ukagoma, usikimbilie kulaani siku yako. Tulia, usikilize nje kunasemwa nini.

Kesi inaanza kusikilizwa karibuni na mimi ni shahidi. Mama anasema nimsahau yule msichana. Mdogo wake ananipigia kila jioni akiuliza nitasema nini.

Nimemjibu nitasema yote mawili: aliniuza, na aliniokoa.

Kinachoninyima usingizi ni kimoja tu... nianze na lipi?