Rupia Iliyopanda Daraja

Mlio wa ile rupia haukukoma. Hironimus aliiangusha juu ya kipande chake cha marumaru kama alivyoziangusha nyingine zote, akasubiri inyamaze. Fedha halisi hulia kidogo ikatulia, bandia hulia kama kifuniko cha soda. Ndivyo yeye, fundi saa wa Songea, alivyozipima miaka yote. Hii iliendelea kuvuma hata alipoifunika kwa kiganja.

"Ya kweli?" aliuliza Mzee Athanasi, aliyetoka nayo kijijini Mpitimbi ikiwa bado na udongo mwekundu.

Hironimus alibana lenzi jichoni. Ukingo sawa, uzito sawa. Ila kichwa cha Kaiza wa Ujerumani kilikuwa kimelika, hakina sharubu wala tai wa juu ya kofia. "Inaelekea ni ya kweli, mzee. Niachie mpaka Jumamosi nihakikishe."

"Haya. Tuliikuta tukichimba msingi wa kujengea kaburi la babu. Kama ni ya kweli basi ni yake, tunamrudishia kabla ya kumwaga zege. Lakini usiioshe, mwanangu."

Mwaka ulikuwa wa tisini na tatu, biashara zimefunguliwa, na kila mwenye gari alikuwa mnunuzi wa kitu fulani. Muhsini wa Tunduru alinunua rupia za Mjerumani. Hironimus naye, tuseme ukweli, alikuwa na rupia bandia kwenye droo. Angempa mzee hiyo bandia, ya kweli amuuzie Muhsini, na chini ya zege nani angejua?

Nyumbani Mshangano aliiweka mezani bila kumwambia mkewe neno. Dorine, mwanamke asiyevumilia uchafu, akaisugua kwa majivu na ndimu kama asuguavyo sufuria za Pasaka. Hironimus alipoiona aliwaka. Sarafu ya kale ikisuguliwa imekufa, mnunuzi haitaki tena! Dorine akacheka tu, akijishika kovu la kidevuni, alama ya uji wa moto wa utotoni, ambayo mumewe aliipenda kuliko hereni zote alizowahi kumnunulia. Miaka kumi na miwili ya ndoa hawakujaliwa mtoto. Walikuwa wawili tu, na walitoshana.

Jumanne sharubu za Kaiza zilikuwa zimerudi.

Hironimus aliikagua kwa lenzi mara tatu. Sarafu haipandi daraja la ubora. Hushuka tu, kila mkono unaoishika ukiilamba kidogo. Alilijua hilo vizuri, lakini alimfikiria Muhsini, akaifunga kwenye leso na kuiweka juu ya kabati.

Jumatano manyoya ya tai yalionekana moja moja. Mchana huohuo Dorine alishindwa kutunga uzi kwenye sindano, akamnyooshea mumewe vidole. Mistari ya ncha zake ilikuwa imefutika yote. Nyumba ilinuka udongo mbichi wa kaburi.

"Irudishe, Hiro," alinong'ona. "Nikiwa jikoni kuna mtu ananipapasa uso. Mchana kweupe, na simwoni."

"Jumamosi si mbali, mke wangu."

Alhamisi nyusi za Dorine zilikwenda, na Ijumaa pua ikaanza kulala, na yeye akajifunika khanga uso mzima, akakaa kwenye kigoda akivuta pumzi kwa shida, huku ndani ya leso, juu ya kabati, ile rupia ikivuma polepole bila kuguswa na mtu, na Hironimus akiwa amesimama katikati ya vile viwili, anampenda mkewe kwa moyo wote na bado anasema kesho, kesho asubuhi.

Muhsini alifika hiyo kesho, Jumamosi asubuhi. Alitazama kwa lenzi, akatabasamu, kisha tabasamu likakatika.

"Safi kabisa," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini huyu si Kaiza, fundi. Ni mwanamke. Ana mkwaruzo mmoja, hapa kidevuni." Akaiachia mezani. "Audhubillahi! Hilo ni jini la kaburi. Linakula sura ya aliyelifungua, likimaliza linaivaa. Panda gari, tuirudishe sasa hivi."

Hironimus hakuitazama. Yeye aliyegeuza hata kijiko mara mbili kabla ya kukipokea, safari hii aliogopa.

Mpitimbi zege lilikuwa limeshakorogwa. Mzee Athanasi alipoiona rupia inang'aa, mabega yalimshuka.

"Mmeiosha."

"Mke wangu, mzee. Sikumwambia."

"Udongo ule ndio uliokuwa unamfunga aliyemo ndani yake." Alinyunyiza unga wa ulezi, akasema na babu yake kwa Kingoni, akaiweka rupia shimoni. "Umeitazama vizuri lakini? Tukishafunika hatufukui tena."

"Funika, mzee! Funika!"

Zege likamwagwa. Mvumo ulisikika chini yake kitambo, kisha, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, ukanyamaza. Hironimus alilia kwa furaha njia nzima ya kurudi.

Dorine alikuwa mlangoni, bila khanga usoni. Nyusi zipo, pua ipo, macho yanacheka. Hironimus alimkumbatia, akamshika mashavu, na kidole gumba kikashuka chenyewe kutafuta mahali pake pa siku zote.

Kidevu kilikuwa laini. Alikigeuzia mwangani, akakipapasa tena. Mara ngapi amewaambia wateja kwamba kitu cha miaka mingi kisicho na mkwaruzo ni bandia?

"Dorine?"

"Abee," aliitika, akafunga mdomo.

Sauti iliendelea kuvuma. Hironimus akaufunika ule mdomo kwa kiganja, na bado haikunyamaza.