Ishara ya Maji

Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo na kufagia kiwanja, Chimène aliketi mlangoni na simu ya mama yake. Mdogo wake Timothée, mtoto wa miaka minne, alijibana kando yake. Timothée alizaliwa kiziwi. Kwenye simu alitokea Madame Benie, mwalimu ambaye naye ni kiziwi, akizifundisha lugha ya ishara familia zenye watoto kama huyo. Alionyesha ishara kwa mikono, kisha akaandika maana yake ubaoni.

Katungu, mama yao, aliuza vitenge sokoni, na Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Kwa hiyo kazi ya kujifunza alimkabidhi Chimène. "Wewe utajifunza, mangaribi utatufundisha," alimwambia. "Mutoto asikose luga kwao nyumbani."

Chimène alikuwa mwepesi wa kuelewa, lakini kurudia jambo kulimchosha, na Madame Benie alirudia ishara moja mpaka kila mtu aipate. Msichana akaanza kutegea. Alilifunga somo, akafungua video za dansi mpaka mega za intaneti zikaisha. Jioni mama alipouliza walichojifunza, alibuni ishara palepale. Na mama, maskini, alizirudia kwa bidii, akicheka vidole vyake vilivyokuwa vizito.

Siku moja Timothée alianguka akachubuka goti. Chimène akazungusha ngumi kifuani, kumwambia kwamba hiyo ndiyo kuumwa. Mtoto akaishika. Baadaye mama aliuliza ishara ya maji. Chimène, mawazo yakiwa kwenye dansi, akazungusha ngumi kifuani vilevile. Njia ya mwongo ni fupi: alikuwa amesahau kwamba ishara hiyo alikwisha kuiita kuumwa.

Jumapili moja, walipotoka kanisani, Timothée aliiacha lituma yake, ndizi za kupondwa, sahanini, akazungusha ngumi kifuani.

"Ona!" mama alifurahi. "Mutoto iko anaomba mayi!"

Akampa kikombe. Timothée akakisukuma, akazungusha ngumi tena. Mama akamletea tena. Mtoto akalia, akakipiga kikombe, maji yakamwagika. Mama akaishiwa na subira, akamchapa mkononi.

"Unaomba mayi, nakupatia, unamwanga! Kiburi gani hii?"

Timothée alitazama mikono yake, kisha akamtazama dada yake.

Hapo Chimène alikumbuka. Lakini hakuthubutu kusema kwamba ngumi ile ni ya kuumwa. Aliogopa fimbo, na zaidi ya fimbo aliogopa aibu. Akajidanganya kwamba labda maumivu yangepoa yenyewe, akachukua kitambaa, akafuta maji yaliyomwagika.

Asubuhi yake tumbo la Timothée lilikuwa gumu kama ubao na mwili ukiwaka moto. Wakapanda pikipiki mpaka hospitali.

"Alianza kuumwa lini? Wapi?" daktari aliuliza.

"Docteur, hakuonyesha kama anaumwa," mama alijibu. "Tangu jana anaomba tu mayi."

Daktari akakunja uso, akaanza kumuuliza habari za kiu. Kitandani Timothée aliinua ngumi yake dhaifu, akaizungusha.

"Ona, mayi tena," mama alisema, akanyoosha mkono kuchukua chupa.

"Hapana, Mama! Usimupe!" Chimène alipiga kelele. "Si mayi! Anasema anaumwa. Tangu jana anasema anaumwa. Miye nilisema bongo, nilidanganya. Ile ishara yote nilitunga mwenyewe."

Mama akaiweka chupa chini. Daktari akambonyeza mtoto tumboni upande wa kulia, na Timothée akajikunja kwa uchungu.

"Appendicite," daktari alisema. "Kidole tumbo kimekwisha kupasuka. Jana ingekuwa kazi ndogo."

Walimpasua, na Timothée akapona. Lakini alilala hospitalini muda mrefu, akakonda mbavu zikahesabika. Na kulikuwa na jambo lililomchoma Chimène kuliko lile kovu la upasuaji: mdogo wake hakuonyesha ishara tena. Alikuwa amesema, akachapwa. Sasa mikono yake ilikaa tu juu ya shuka.

Walipomrudisha nyumbani, Jumamosi ilipofika, mama hakwenda sokoni. Wote watatu waliketi mbele ya simu. Chimène mwenyewe alimwandikia Madame Benie kosa lake lote, bila kuficha. Mwalimu alisoma mpaka mwisho. Kisha akaonyesha ishara ya kweli ya kuumwa: vidole viwili vya shahada vinavyoelekeana. Akaandika ubaoni: "Unaiweka pale panapouma. Kichwani, ni kichwa. Tumboni, ni tumbo."

Chimène alipoelewa, machozi yalimtoka. Kumbe angesikiliza somo lile, Timothée angewaonyesha tumbo lake siku ileile ya kwanza.

Timothée alimtazama dada yake akilia. Polepole akainua mikono, akavifanya vidole vyake vyembamba vielekeane mbele ya macho ya Chimène yaliyolowa.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

"Anauliza kama ninaumwa."

Mama alimgeukia Madame Benie kwenye simu, akairudia ishara ile, akangoja mpaka mwalimu alipokubali kwa kichwa.

"Bon," mama alisema taratibu. "Umeona, Chimène? Leo umesema kweli, na bado nimeenda kuuliza mutu mwingine. Ile ndiyo kazi ya bongo. Na huyu mutoto, masikio yake ni mikono yetu. Tukimudanganya, hana tena kwa kusikia. Sasa mujibu mudogo wako, na umujibu kweli."

Chimène akafuta machozi, akavifanya vidole vyake viwili vielekeane, akaviweka kifuani, penye moyo.