Mlevi wa Kuigiza

Jioni hiyo muuguzi alibandika maharage jikoni, akamgeukia mumewe.

"Baba watoto, acha cherehani kidogo. Nataka uwe mlevi."

Mumewe, fundi wa nguo, akacheka. "Ulevi wa bure huo siukatai."

Muuguzi alikuwa mafunzoni. Zamani aliyejua kutibu watu waliotekwa na pombe alikuwa daktari mmoja tu, huko hospitali kuu. Sasa wauguzi wa zahanati nao walifundishwa. Leo walipewa kazi ya kujizoeza nyumbani: kumuuliza mgonjwa bila kumgombeza. Kwake ilikuwa shughuli pevu. Miaka yote aliwapokea walevi kwa maneno makali, akidhani ukali ni dawa.

"Karibu, ndugu. Siku hizi unakunywaje?"

Mumewe akapepesuka, akaangukia kiti, akaanza kuimba. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Sivyo hivyo," sauti ilisema mlangoni.

Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi rangi aliyeishi nao. Huyu alikunywa kweli, kutwa nzima, na ndugu walikuwa wamemchoka. Alimwondoa kaka yake kwenye kiti, akakaa yeye.

"Niulize mimi, shemeji."

Muuguzi alimsogelea. Aliuliza taratibu. "Asubuhi ukiamka unajisikiaje?"

"Mikono inatetemeka. Brashi haishikiki mpaka ninywe. Juzi nilijaribu kuacha. Nikaanguka, nikapoteza fahamu, nikajiuma ulimi. Sikumwambia mtu. Mngenicheka."

Mumewe alikuwa hacheki tena. "Mimi na mama tulishapanga kumfungia chumbani," alisema polepole. "Mpaka pombe imtoke."

"Mngemuua," muuguzi alisema. "Mwili uliozoea pombe nyingi ukikatiwa ghafla unaweza kupata kifafa, hata mtu akafa. Hata mimi nimelijua hilo mafunzoni tu. Shemeji, huu ni ugonjwa. Usiache peke yako. Kesho mapema twende ukaonane na daktari."

"Na nikishindwa?"

"Utarudi, tutaanza tena. Hakuna atakayekufokea."

Kaka mtu alimshika mdogo wake bega. "Nisamehe, bwana. Nilidhani nakusaidia."

Asubuhi waliongozana wote watatu mpaka hospitali kuu. Kwa sababu ya kile kifafa cha juzi, daktari alimlaza, akampa dawa za kuutuliza mwili, akawa anaangaliwa mchana na usiku. Alipotoka, alianza kuja zahanati kuzungumza na muuguzi mwingine aliyefundishwa. Kila kitu utamwambiaje mke wa kaka yako? Safari moja aliteleza, akanywa. Alikuja mwenyewe kusema, akapewa kiti, wakaendelea.

Siku hizi anapaka rangi majumba ya watu, na kazi zinamfuata nyumbani. Muuguzi ana furaha, hafichi. Zamani shemeji akichelewa kurudi, mumewe alitoka na tochi kumtafuta mitaroni. Sasa akichelewa, wanamfunikia chakula chake, wanalala.