Kikapu cha Magokoro

Jumapili asubuhi Gesare aliamka kabla ya kuitwa, akawasha moto, akateleka chai. Alitoa vikombe vinne kabatini, akakumbuka, akarudisha kimoja, vikabaki cha mama, cha mdogo wake na chake. Hakulia. Alikirudisha tu, kama mtu anayerudisha kijiko.

Ilikuwa siku ya kumi tangu wamzike nyanya yake, Nyamoita, ambaye wajukuu wote walimwita Magokoro. Siku ya mazishi, Gesare, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Alisoma kwamba nyanya yake alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto sita, akawa mama mpole asiyepaza sauti. Alisoma vizuri bila kukwama, kama anayesoma hesabu ubaoni. Watu walilia, yeye aliikunja karatasi, akaketi. Baadaye alimsikia mwanamke mmoja akinong'ona, "Mtoto huyu ana moyo wa jiwe." Labda ni kweli, aliwaza Gesare. Hata wazo hilo halikumuuma.

"Lori la majani linakuja leo," mama yake, Persis, alisema alipomaliza kunywa chai. "Wewe chuma upande wa juu, nami nitachuma huku chini. Chukua kikapu cha Magokoro."

Kikapu kilikuwa kwenye msumari wake, ukutani. Gesare alikitungua, akakifunga mgongoni, akaenda.

Shamba lao lilikuwa kwenye mteremko, upande wa Nyamira, si mbali na Keroka. Kwa wiki tatu, kwanza ugonjwa kisha matanga, hakuna aliyechuma. Chai ilikuwa imekomaa, na majani mengi yalikuwa magumu. Magokoro hakuwa na mzaha na kazi hiyo: majani mawili na chipukizi lake, basi. Alikuwa amemfundisha Gesare kufumba macho na kulikunja jani kwa kidole gumba. "Laini litakutii," alimwambia. "Gumu litakupinga. Linalokupinga, litupe chini."

Leo vidole vya Gesare havikusikia kitu. Vilikuwa kama vidole vya mtu mwingine. Alichuma kilichokuwa mbele yake, kigumu kwa laini, mradi kikapu kijae arudi nyumbani. Kikapu kilipokaribia kujaa, alichuma majani mazuri machache, akayatandaza juu. Alijua anachofanya. Hakujali.

Kwenye kituo cha kuuzia majani, foleni ilikuwa ndefu. Kila mkulima alimwaga majani yake juu ya meza, karani, Bwana Ochoki, akayapekua, ndipo yakapimwa. Gesare alisimama nyuma ya Mama Mong'ina, jirani yao mzee.

"Hicho si kikapu cha Nyamoita?" Mama Mong'ina aliuliza. "Ah! Nikikiona, naiona siku ile ya mizani."

"Mizani gani?" aliuliza Ian, mvulana wa darasa moja na Gesare, aliyekuja na gunia la kwao.

"Wewe ulikuwa hujazaliwa. Tulikuwa na mizani ya kuning'iniza, yenye ndoano. Kila tukipima, tunaona kilo zimepungua, lakini nani aseme? Tukanung'unika tu. Siku moja Nyamoita akatoka zahanati, akaja moja kwa moja hapa, akaweka kikapu chini. Akashika ndoano kwa mikono miwili, akakunja miguu. Akaning'inia kama gunia!"

Foleni nzima ilicheka. Bwana Ochoki naye alicheka kule mezani.

"Mwacheni karani amalize mwenyewe," alisema Mama Mong'ina.

"Nilikuwa kijana, wiki yangu ya pili kazini," alisema Bwana Ochoki. "Akapaza sauti, nadhani hata kule Masimba walisikia: 'Ochoki, soma! Zahanati wamenipima sasa hivi, kilo hamsini na sita. Hapa ni ngapi?' Nikasoma hamsini na tatu. Akasema, 'Basi hizo tatu nimezidondosha njiani? Nenda ukazitafute!' Hakushuka mpaka nilipoahidi kuleta mizani nyingine. Na nilileta."

"Na wasifu ulisema alikuwa mpole!" alisema Ian.

"Mpole?" Mama Mong'ina aliguna. "Nilipolazwa, aliniletea uji siku kumi na mbili, na kila siku alinigombeza nisipoumaliza. Kama huo ni upole, basi alikuwa mpole."

Gesare alisikia kila neno. Huyo ndiye Magokoro, aliwaza. Mbona sikumsoma huyo?

Foleni ikasogea. Zamu yake ilipofika, alikiinua kikapu akimwage mezani. Bwana Ochoki akamzuia.

"La, mwanangu. Hicho lete moja kwa moja kwenye mizani. Nilipoleta mizani mpya, nyanya yako aliniambia, 'Umenyoosha mizani yako, nami nitanyoosha kikapu changu.' Tangu siku hiyo sijapata jani gumu ndani yake. Kikapu hiki hakikaguliwi."

Gesare alikiweka juu ya mizani. Namba zikawaka: kumi na moja. Kidole cha Bwana Ochoki kilikwenda kwenye kitufe cha kutoa risiti. Angenyamaza tu, majani yangeingia lorini, na hakuna ambaye angejua.

"Usibonyeze," alisema. "Chini kuna majani magumu. Mengi. Nimeyaficha mimi."

Foleni ikasogea karibu kutazama.

"Haya! Mjukuu wa yule wa mizani, naye anaficha majani," Ian alisema.

"Funga domo, wewe!" Mama Mong'ina akamkemea. "Gunia lako nalo tutaliona likimwagwa."

Bwana Ochoki hakufoka. Alimwonyesha Gesare mwisho wa meza. "Mwaga. Chambua."

Gesare alimwaga, akafumba macho, akaanza. Jani kwa jani, akilikunja kwa kidole gumba. Mwanzoni hakusikia kitu. Kisha jani moja likampinga, akalitupa. Lingine likatii. Akaendelea, na kidogo kidogo vidole vikarudi kuwa vyake. Alipofumbua macho, alishangaa kuona tone la maji limeanguka juu ya jani. Alilifuta kwa upande wa mkono, akaendelea na kazi.

Zilibaki kilo saba.

Persis alikuwa amefika na gunia lake, na Mama Mong'ina alikuwa amekwisha kumweleza yote. Gesare aliinamisha kichwa akingoja kugombezwa.

"Ulikosea," mama yake alisema. "Tena ulimkosea Magokoro, maana ungempiga chapa ya uongo akiwa hawezi kujitetea. Lakini umesema kweli kabla mtu hajakuuliza. Sikiliza, mwanangu. Shamba hurithiwa kwa siku moja, wazee wakikaa wakagawa. Jina jema halirithiwi hivyo. Hilo hulichuma mwenyewe kila siku, kama chai, na jani gumu moja likiingia, unalitoa."

Gesare aliitikia kwa kichwa. Akamgeukia karani.

"Bwana Ochoki, wiki ijayo utakikagua kikapu chetu?"

"Nitakikagua," alisema Bwana Ochoki, akimpa risiti. "Wiki hiyo, na ile itakayofuata, mpaka nichoke kutafuta."

Gesare alikifunga kikapu kitupu mgongoni, akapanda mteremko nyuma ya mama yake. Jioni, walipokuwa wakiosha vikombe vitatu, alisema, "Mama, nawe nisimulie ile ya Magokoro na ndoano."