Wati Hamsini na Tano

Kila Jumanne, kengele ya saa kumi ilipolia, Watiri alikuwa wa kwanza kufika kwenye chumba cha kompyuta cha shule yao, Mukurweini. Aliondoa kitambaa kilichofunika kompyuta, akafuta kioo, kisha akakalia kiti cha mbele ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukigusa. Alikuwa darasa la saba na kiongozi wa chama cha kompyuta. Mwaka ule wa 1999 shule nzima ilikuwa na kompyuta moja tu.

Jumanne moja Mwalimu Wakonyo alimkabidhi boksi dogo. Ndani mlikuwa na kadi ya picha, kifaa cha kuiwezesha kompyuta kuonyesha michoro mizito bila kukwama.

"Fundi Abdiweli wa Nanyuki ametutumia," alisema mwalimu. "Angalia kwanza kama pawa saplai yetu, ile inayoipa kompyuta umeme, ina nguvu ya kutosha. Kama haitoshi, atatuletea kubwa Jumamosi ya wiki ijayo."

Siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa hiyo, na Watiri alikuwa ameshajigamba kwamba angewaonyesha mchoro wake wa Mlima Kenya. Hakutaka kusubiri.

Mwalimu alipotoka, Kabura, mwanachama mwenzake na binti wa fundi wa redio pale sokoni, aliinama nyuma ya kompyuta akasoma. "Watiri, hapa pameandikwa wati mia moja arobaini na tano. Boksi la kadi linasema zisipungue mia mbili. Haitoshi."

Watiri alijua. Alikuwa amezisoma namba zile zile muda mfupi kabla yake.

"Hii si redio ya baba yako ya kufungwa na raba," alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Rudi nyuma. Unanuka moshi wa kuchomelea nyaya."

Wenzao wakacheka. Kabura akarudi kwenye benchi, akaficha mikono chini ya sweta.

"Umeangalia?" mwalimu aliuliza aliporudi.

"Ndiyo, Mwalimu. Inatosha kabisa."

Kadi ikawekwa. Ijumaa, mbele ya wazazi, mlima ulitokea nusu, kompyuta ikazimika. Watiri akaiwasha tena, ikazimika. Mara ya tatu kitu kilipasuka ndani na moshi ukajaa chumbani.

"Nani ameharibu?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Ni Kabura," Watiri alisema haraka. "Aliishikashika nyuma siku ya Jumanne. Wote walimwona."

Kweli walikuwa wamemwona akiinama pale. Kabura alipofungua mdomo aliambiwa anyamaze. Baba yake akasimama, kofia mkononi, akaomba msamaha kwa kosa asilolijua. Mwalimu mkuu akamwambia amweke mtoto wake huko huko kwenye vyuma vyake chakavu. Watu wazima wengine wakaangalia chini.

Kabura aliondolewa chamani. Wiki nzima walimwita Moshi, na akikaribia mfereji wa maji ya kunywa waliziba pua. Watiri alicheka kuwashinda wote, akiogopa kwamba akinyamaza wangemshuku.

Jumamosi Fundi Abdiweli aliitwa, akaja, akafungua kompyuta na kuisoma pawa saplai iliyoungua.

"Hakuna mtoto anayeweza kuharibu hii kwa kuishika," alisema. "Imebebeshwa mzigo isiouweza. Zilipungua wati hamsini na tano, na imeandikwa wazi. Nani alisema inatosha?"

Mwalimu Wakonyo alimgeukia Watiri. "Uliisoma?"

"Niliisoma, Mwalimu."

"Na Kabura?"

"Aliisoma pia. Aliniambia. Nilitaka kuonekana Ijumaa."

Jumatatu Watiri alisema yote mbele ya shule nzima. Mwalimu mkuu naye alimwita baba yake Kabura akamwomba radhi hadharani. Kompyuta ilikuwa sasa na pawa saplai ya wati mia mbili na hamsini, na mlima ulifunguka wote. Kabura alirudishwa chamani akapewa kiti cha mbele. Watiri alipomwomba msamaha, alijibu bila kugeuka, "Bado sijui kama nitaweza."

Watiri alimwendea mwalimu akilia.

"Fundi alimaliza kazi kwa nusu saa," Mwalimu Wakonyo alimwambia. "Heshima uliyowavunjia Kabura na baba yake mbele ya watu haiuzwi dukani. Ungesema 'haitoshi' siku ile, tungesubiri siku chache, basi. Ukijua ukweli, useme wakati huo huo hata kama unakuaibisha. Uongo wako ulimuunguza mtu mwingine kwanza, nawe ukasimama pale ukicheka. Sasa subiri Kabura awe tayari, na usimharakishe."