Pengo Kabla ya Sebene

Siku ile umeme ulirudi mapema mtaani Lemba, na jirani yetu Matondo akamshukuru Mungu, maana kazi yake haipatani na kelele za jenereta. Alikuwa fundi wa kumalizia nyimbo. Wengine wanapiga, wengine wanaimba, wengine wanarekodi. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kuushika wimbo kabla haujaingia mitaani. Alisawazisha besi na nyuzi za juu, kisha akaipandisha sauti mpaka wimbo uweze kusimama mbele ya nyimbo nyingine bila aibu. Na Kinshasa aibu hiyo ni ya kweli. Baa mbili zikitazamana barabarani, wimbo wako ukiwa mnyonge, wa jirani unaumeza mzimamzima, na wateja wanahamia upande wa pili na viti vyao.

Uani, mkewe Bilonda alikuwa akitwanga pondu, yale majani ya muhogo, huku binti yao Nlandu akiosha sahani. Mapacha waliomtangulia hawakukaa duniani, akabaki yeye tu. Alikuwa mtoto wa kupendwa hata na majirani wakorofi, kwa adabu yake. Ukimwita mara moja, "Abee!" imeshakufikia kabla hujafunga mdomo. Bilonda aliringa kwa hilo kuliko kwa nguo zake zote.

Asubuhi hiyo aliingia Makengo, mwimbaji, na miwani yake ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha.

"Ya Matondo, kaka yangu, niangalie usoni. Wimbo wangu umeuacha mnyonge."

"Si mnyonge, mdogo wangu. Unapumua."

"Unapumua? Kwani uko hospitali? Mimi nataka upige! Bonyeza huko!"

Matondo alicheka, akabonyeza. Kupandisha sauti hakuna miujiza. Vile vilele vinavyoruka juu unavikandamiza, halafu unainua vyote kwa pamoja. Tabu yake ni kwamba vilivyojificha chini navyo vinainuka: kiti kilicholia, mwimbaji aliyemeza mate, mbwa aliyebweka nje siku ya kurekodi. Na katika wimbo ule kulikuwa na pengo dogo, pale uimbaji unapokoma na ngoma zinanyamaza, kabla gitaa halijafungua sebene, ile sehemu ya kuchezwa. Alipoinua, ndani ya pengo kulikuwa na mtu.

"Albertine," mtu huyo alinong'ona.

Matondo akasimamisha wimbo. Kutaja majina ndani ya nyimbo ni desturi ya mji ule. Huitwa kutupa libanga, na anayetajwa hutembea kifua mbele mwezi mzima. Lakini libanga hutupwa kwa mbwembwe. Hili lilikuwa limesemwa taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa.

"Albertine wako ni nani?"

Makengo alivua miwani. "Sina Albertine yeyote," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ongeza tu, Ya Matondo."

Albertine pekee ambaye Matondo alimjua ni mama wa maandazi pale kona, aliyemwekea ya moto kila asubuhi. Mchana huohuo mtaa ukajaa vilio. Waliokuwapo walisema alikuwa akigeuza maandazi, akatazama nyuma kama aliyeitwa, akasema, "Naam, nakuja," akaanguka. Hakuwa na jeraha. Mafuta yaliendelea kuchemka peke yake mpaka maandazi yakawa makaa.

Matondo aliona ni bahati mbaya. Nani asingeona hivyo? Kesho yake Makengo akataka sauti zaidi, akapewa. Pengo likafika.

"Kabeya."

Kabeya alikuwa mdogo wake Bilonda. Matondo alipiga simu, ikapokelewa na kinyozi anayelia. Shemeji alikuwa ameketi kitini ananyolewa. Akasema, "Naam?" Kichwa kikalala kifuani.

Kuanzia hapo Matondo alifanya kila alichokijua. Alilikata pengo lote; sauti ikahamia pale mwimbaji anapovuta pumzi. Akapajaza ngoma; ikahamia mwisho wa wimbo, uzi wa gitaa unapofifia. Akaurudisha wimbo kama ulivyokuwa, akauinamia tena, akiinua kidogo, kidogo zaidi, ili aijue angalau ni sauti ya nani.

"Nla..."

Alivuta kitufe chini kwa nguvu hata kikamkata kidole. Jina halikumalizika. Alikaa pale akinyonya damu, hathubutu hata kugusa kiti.

Makengo alipokuja, Matondo alimkaba ukosi wa shati. "Umefanya nini wewe? Niambie umefanya nini!"

"Nyota haiji bure, Ya Matondo." Mwimbaji hakujitetea. Alikuwa analia. "Nilimpa huyo anayenong'ona majina ya kwetu. Mama, kaka zangu, wote. Yalipokwisha nikadhani nimemaliza. Haya ya sasa simtajii mimi. Anachukua ya yule anayeinua sauti, na waliomzunguka."

"Basi hauinuliwi tena. Naufuta wimbo."

"Futa. Nimeshaupeleka redioni. Ule mnyonge wako, usigombe. Wanaupiga leo mchana."

Ule mnyonge! Kwa muda mfupi Matondo alipata nafuu, akauachia ule ukosi. Kisha akakumbuka. Redio zina mashine zao. Kila kinachopita wanakikandamiza na kukiinua upya, ili dereva asikie barabarani na mama asikie jikoni. Wimbo ukiingia mnyonge, ndiyo kwanza wanauinua. Na aliyeuanza, aliyeuinua wa kwanza, alikuwa yeye.

Alikimbia mpaka uani. Nlandu alikuwa kwenye sahani zake.

"Mwanangu, sikiliza. Leo usiitike. Mtu yeyote akikuita, usiitike."

"Hata Mama?"

"Hata Mama. Hata mimi."

Mtoto aliitika kwa kichwa tu, akiwa ameanza kutii. Bilonda alikuwa ndani, macho yamevimba kwa kumlilia mdogo wake, na Matondo alisimama mlangoni akashindwa kusema. Utamwambiaje mwanamke kwamba mkono wako ndio uliomtoa ndugu yake? Alijiambia atamweleza baadaye. Akatoka kwenda kuwasihi majirani wazime redio.

Wa kwanza alizima. Wa pili alimcheka. "Fundi wa muziki anaogopa muziki! Leo umekunywa nini, Papa?"

Huku nyuma Bilonda aliita, "Nlandu!" Kimya. "Nlandu!" Kimya. Matondo aliyasikia yote kupitia ukuta wa matofali, akiwa anabishana na jirani.

"Unanitazama tu? Siku ninayomlilia mjomba wako ndiyo siku ya kiburi?"

"Mama, Baba amesema..."

"Baba amesema nini? Watu watasema Bilonda amelea bubu! Ukiitwa unaitika. Umenisikia? Ukiitwa, unaitika!"

"Ndiyo, Mama," Nlandu alisema, na alikuwa analia.

Redio ya jirani ikaanza wimbo.

Matondo aliruka, akaukosa waya. Jirani alimshika kiunoni. Ile ya nyumba ya tatu ikaupokea, na ya fundi viatu, na ya teksi iliyosimama. Alitaka kupiga kelele, amwite mtoto aje kwake. Angemwitaje? Jina lile ndilo lililokuwa likingojwa.

Uimbaji ukakoma.

Ngoma zikanyamaza.

Yeye hakusikia kitu. Hata jirani hakusikia kitu.

"Abee!" Nlandu akaitika, upande wa pili wa ukuta.

Sahani ikavunjika.

Sebene likafunguka mtaa mzima.

Wimbo ule ulipendwa kuliko wimbo wowote wa mwaka huo. Mpaka leo ukipigwa, kabla ya sebene, ndani ya pengo, unasikika wazi mtoto wa kike akiitika, "Abee!" Uko hivyo kwenye kila nakala, hata zile zilizosambazwa kwenye simu kabla redio haijaupiga. Wachezaji wanapangojea hapo. Baa nzima inainua mikono na kuitika pamoja naye, kisha wanacheka na kuingia katika sebene. Makengo anaapa kwamba siku ya kurekodi hakukuwa na mtoto studio, na watu wanasema ni maringo ya msanii. Matondo aliufungua wimbo kwenye kompyuta yake. Pale penye pengo mstari unaochora sauti ulikuwa umenyooka kabisa, kama pasipo na sauti yoyote.

Alimweleza mkewe kila kitu siku ya matanga. Bilonda hakumpiga, hakumtukana. Alianza kwenda baa kila mchana, akasimama karibu na spika akiwa na nguo zake nyeusi, asicheze, asinywe. Wenye baa walimzoea.

Kisha siku moja asubuhi akaingia studio, ambako hakuwa amekanyaga tangu msiba.

"Baba Nlandu, kule wanampigia kelele. Simsikii vizuri. Nipandishie."

"Mama Nlandu, unajua kilichoko chini yake."

"Najua. Mimi ndiye niliyemwambia aitike." Alivuta kiti. "Nipandishie mwanangu."

Angekataa. Kila mtu hapa mtaani anasema yeye angekataa, lakini hakuna aliyezika watoto watatu. Matondo aliuweka wimbo, akainua. "Abee!" Nlandu alikuwa karibu sana, hata waliisikia ile kamasi ya kilio puani.

"Ongeza."

Akaongeza. Sasa walisikia maji ya sahani yakichuruzika.

"Kidogo tu. Ongeza."

Akaongeza. Na chini ya maji, kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia akiota ndoto mbaya, Nlandu akaita, "Mama?"

Uso wa Bilonda ukafunguka kwa tabasamu ambalo Matondo alidhani halitarudi tena. Matondo alimrukia. Alimziba mdomo kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu zake zote, akimsihi kwa jina la Mungu.

Bilonda akaitika hivyohivyo, ndani ya mikono ya mumewe.